Mateka wa Korea na kauri ya Arita: vita vilichukua nini, na biashara ikafanya nini

Swali la msomaji: "Nimesikia kwamba kauri maarufu ya Japani, ile inayoitwa Imari, ilianzishwa na mateka wa Kikorea. Wengine wanasema hiyo ni hadithi ya kuvutia watalii. Ukweli ni upi? Na kama kweli walitekwa, mbona vita vilipoisha hawakurudi kwao?"

Jibu: Ni kweli, ndugu msomaji, ila haikuwa kazi ya mtu mmoja wala ya siku moja kama inavyosimuliwa. Imari ni jina la bandari ulikopakiwa mzigo; kauri yenyewe ilitengenezwa mji wa Arita. Simulizi iliyozoeleka inasema mfinyanzi wa Kikorea, Yi Sam-pyeong, aligundua jiwe jeupe katika kilima cha Izumiyama, Arita, kwenye kisiwa cha Kyushu, mwaka 1616, na hapo kauri ya kwanza ya Japani, yaani vyombo vyeupe na vigumu vya moto mkali, ikapatikana. Mtu huyo alikuwepo. Hati za ukoo wake zinamtaja kwa jina la Kijapani, Kanagae Sanbei, na alifariki mwaka 1655. Mwaka 1616 nao unatoka katika hati hizo, ukiwa mwaka aliohamia Arita. Lakini waliochimba magofu ya matanuri wamekuta kwamba kauri ya mwanzo ilichomwa upande wa magharibi wa Arita, ndani ya matanuri yaleyale yaliyokuwa yakichoma vyombo vya kawaida, na ilichomwa na mikono mingi. Kwa hiyo jina la Yi Sam-pyeong lichukulie kuwa la kiongozi wa kundi mojawapo. Nyuma yake walikuwepo mamia ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Watu hao walifikaje huko? Tarehe 23 Mei 1592 majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, yalitia nanga Busan, Korea. Wimbi la kwanza lilikuwa na askari wapatao 158,000. Shabaha ya Hideyoshi ilikuwa China ya nasaba ya Ming. Korea ilikuwa njia tu. Mji mkuu, Seoul ya leo, ulianguka ndani ya wiki tatu. Kisha mambo yakageuka: jemadari wa majini Yi Sun-sin akaivunja njia ya chakula baharini, hasa pale Hansan mwaka huohuo, China ikaleta majeshi, na wanamgambo wa Kikorea wakawa wanawashambulia wavamizi kutoka milimani. Yakafuata mazungumzo yasiyozaa matunda. Mwaka 1597 Japani ikarudi na askari kiasi cha 140,000, na safari hii habari ya kuishinda China haikutajwa sana. Askari walikata pua za waliouawa, wakazitia chumvi na kuzipeleka Japani kuwa ushahidi wa kazi. Kichuguu zilimozikwa kipo Kyoto hadi leo. Na waliochukuliwa hai walichukuliwa kwa wingi, hasa kutoka mikoa ya kusini ya Jeolla na Gyeongsang. Hideyoshi alifariki Septemba 1598, na kufikia Desemba meli za mwisho za Kijapani zilikuwa zinaondoka.

Tazama ni nani waliokuwa wakuu wa vikosi, maana hapo ndipo ramani ya ufinyanzi wa Japani inapoeleweka. Kambi kuu ya uvamizi ilikuwa ngome ya Nagoya, jimbo la Hizen, karibu na bandari ya Karatsu. Mabwana waliovuka na majeshi yao wengi walikuwa wa Kyushu na magharibi ya Japani. Kila mmoja alirudi na wafinyanzi wake. Nabeshima Naoshige wa Saga aliwapeleka kwenye ardhi yake, na hapo ndipo Arita ilipo. Shimazu Yoshihiro wa Satsuma alirudi na wafinyanzi wapatao 80, wengi wao inasemekana walitekwa Namwon, mji ulioanguka mwaka 1597. Ukoo wa Mōri uliwaweka wake Hagi, na Kuroda akawaweka wake Takatori. Ukichukua ramani ya leo ukaweka alama mahali vinapotengenezwa vyombo vya Hagi, Karatsu, Takatori, Agano, Satsuma na Arita, utakuwa umechora orodha ya makamanda wa vita ile.

Kwa nini wafinyanzi? Kwa sababu ya chai. Katika Japani ya wakati huo, kikao cha chai kilikuwa mahali pa siasa na pa kuonyeshana hadhi, na bakuli la Kikorea, hata lile la kawaida la mwanakijiji, lilikuwa limepanda bei hadi kuwa mali ya kuzawadiana mabwana. Bwana aliyempata mtu anayejua kulitengeneza alikuwa amepata chemchemi ya fedha. Hata hivyo tusiwafanye wafinyanzi kuwa ndio mateka wote, kosa linalorudiwa sana. Walichukuliwa wakulima, wanawake, watoto, wachapaji, wafumaji na wasomi. Idadi yao bado inabishaniwa: wapo wanaosema 20,000 au 30,000, wapo wanaofikisha 100,000 na zaidi. Wengi waliishia kulima mashamba ambayo wenyewe walikuwa vitani, au kuuzwa.

Soko la kuwauza lilikuwa Nagasaki, ambako wafanyabiashara wa Kireno walikuwa wakinunua. Kutoka hapo njia ilikwenda Macau, Manila na Goa. Mfanyabiashara wa Florence, Francesco Carletti, aliyefika Nagasaki mwaka 1597, ameandika kwamba Wakorea waliuzwa kwa bei ya chini kabisa kwa jinsi walivyokuwa wengi. Yeye mwenyewe alinunua watano. Anaeleza kwamba aliwaacha huru Goa, na mmoja, aliyebatizwa Antonio, alifika naye Italia. Huyo ni miongoni mwa Wakorea wa kwanza wanaojulikana kukanyaga Ulaya, naye alifika kupitia soko la watumwa. Ukiandika habari za uhamaji wa Wakorea, anzia hapo kabla ya kufika kwenye mashamba ya miwa ya Hawaii ya 1903.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana ndiko kwenye ushahidi.

Kauri nyeupe ni tofauti na chungu. Chungu cha udongo mwekundu huiva kwenye joto la nyuzi 700 hadi 1,000 na hubaki na vinyweleo. Kauri huchomwa karibu nyuzi 1,300, mwili wake wote huanza kuyeyuka na kushikamana, na ikitoka tanurini hailowani, hulia ukiigonga, na ikiwa nyembamba hupitisha mwanga. Japani kabla ya 1600 ilikuwa na wafinyanzi hodari sana, lakini kauri yote ilinunuliwa kutoka China na Korea. Walikosa vitu viwili kwa pamoja: macho ya kulitambua jiwe linalofaa, na mazoea ya kulishughulikia.

Jiwe la Izumiyama ni mwamba wa volkano uliobadilishwa na maji ya moto yaliyopita ndani yake. Lina kwatzi nyingi na mika laini, kiasi kwamba linaweza kufanya kauri peke yake bila kuchanganywa na udongo mwingine. Anayelijua huchagua vipande vyeupe na kutupa vyenye mishipa ya rangi ya kutu, kwa sababu chuma kidogo tu kikibaki, chombo hutoka cha kijivu au chenye madoa. Mawe husagwa na kinu cha maji: boriti ndefu, upande mmoja nyundo, upande wa pili umechongwa kama kihori, maji ya kijito yakikijaza, boriti inainama, maji yanamwagika, nyundo inaanguka juu ya jiwe. Kinu hiki hakihitaji mtu usiku kucha. Unga unaopatikana hukorogwa majini, chembe nzito huzama kwanza, tope laini humiminwa kwenye birika jingine na kuachwa litulie, kisha hukaushwa hadi liweze kukandwa. Hatua hii ikifanywa haraka, udongo unabaki mfupi: unachanika ukiuvuta kwenye gurudumu, na ukingo wa bakuli unapasuka wakati wa kukauka. Chombo nacho hupungua kwa asilimia 10 hadi 15 kuanzia kinapofinyangwa hadi kinapoiva, hivyo sahani ya kipimo fulani lazima ifinyangwe kubwa kuliko inavyotakiwa.

Gurudumu la Kikorea lilisukumwa kwa mguu, mikono yote miwili ikabaki kwenye udongo. Tanuri lilikuwa la kupanda mteremko, vyumba vikifuatana kama ngazi. Moto huwashwa chini. Joto linalotoka chumba cha kwanza hupasha cha pili, na cha pili hupasha cha tatu, kisha kila chumba huongezewa kuni kupitia tundu lake la ubavuni hadi kifike joto lake. Kuni ni za msonobari, kwa sababu utomvu wake hutoa mwali mrefu. Hapa niweke sawa jambo moja: matanuri ya aina hii, pamoja na wajuzi wa Kikorea, yalikwisha kufika eneo la Karatsu tangu miaka ya 1580, kabla ya vita. Njia ya kuvuka mlango wa bahari wa Korea ilikuwa imezoeleka na wavuvi na wachuuzi, na ufundi ulianza kupita humo. Vita viligeuza kijito hicho kuwa mafuriko, na vikaondoa ridhaa ya waliosafiri.

Kwenye moto ndipo kazi nyingi huharibika. Joto likifika nyuzi 950 hivi, hewa hupunguzwa na kuni huongezwa ili moshi uikamate ile kutu iliyobaki na kuigeuza kutoka njano kuwa samawati hafifu. Ukichelewa, glezi, yaani lile tabaka linalogeuka kioo juu ya chombo, huanza kuziba na rangi ya njano inabaki ndani. Ukiwahi na moshi ukazidi, kaboni inanaswa na kuacha wingu jeusi. Joto likipanda kupita kiasi, mwili unalainika na sahani kubwa zinabonyea katikati.

Ndiyo maana kauri ya Arita ya miaka ya mwanzo inatambulika kwa jicho, na ndiyo sababu nasema ufundi wake ni wa Kikorea hata pale ambapo hati zimekaa kimya. Wachina walikuwa wakitegemea viunzi vya udongo vya kufunikia vyombo tanurini, na sahani zao zilikuwa na kitako kipana. Sahani za Arita za kabla ya 1640 zina kitako chembamba, kama theluthi moja ya upana wa sahani, na mchanga wa tanurini umeganda chini yake. Glezi ilipakwa juu ya udongo mbichi uliokauka, bila kuuchoma kwanza. Mfinyanzi alishika kitako na kukizamisha chombo, na alama za vidole vyake mara nyingi zipo hadi leo karibu na kitako. Njia hii ni ya haraka na inaokoa kuni, lakini ina gharama: ukuta mbichi hunywa maji ya glezi, na ukiwa mwembamba unapasuka au kuporomoka mkononi. Kwa hiyo vyombo hivyo ni vizito. Kuchoma mara ya kwanza kwa nyuzi 900 hivi kabla ya glezi, pamoja na mbinu za Kichina za kitako kipana na rangi nyekundu na za kijani zinazopakwa juu ya glezi, viliingia Arita miaka ya 1640 na 1650. Michoro ya samawati nayo ilitegemea kobalti iliyoletwa na meli za Kichina. Kauri ya Imari iliyojaa dhahabu na wekundu, ile unayoiona kwenye picha, ina msingi wa Kikorea na mapambo yaliyojifunzwa kwa Wachina, chini ya bwana wa Kijapani aliyejua kuhesabu.

Na alihesabu kweli. Mwaka 1637 serikali ya Saga iliona kuni zinakwisha milimani. Ikaamuru watu 826 wafukuzwe katika kazi ya ufinyanzi, wanaume 532 na wanawake 294, na matanuri yakapunguzwa na kukusanywa sehemu 13. Waliofukuzwa walikuwa Wajapani. Wakorea waliachwa. Kwa maoni yangu hakuna hati inayosema wazi zaidi ya hiyo ni nani alikuwa anajua kazi. Miongoni mwa walioachwa alikuwemo mwanamke anayejulikana kwa jina la heshima la Baekpaseon. Mumewe, naye mfinyanzi mateka, alifariki 1618. Yeye akaongoza zaidi ya watu 900 wa kundi lao hadi Hiekoba, Arita, na akaishi hadi 1656. Anastahili kutajwa sambamba na Yi Sam-pyeong.

Hadi hapo Arita ilikuwa inauza ndani ya Japani. Kilichoifanya iwe ya dunia ni vita vingine, mbali na Korea. Mwaka 1644 nasaba ya Ming iliondolewa Beijing, China ya kusini ikaingia katika mapigano ya miongo kadhaa, na Jingdezhen, mji uliokuwa ukiilisha dunia kauri, ukashindwa kutoa mzigo. Watawala wapya, Qing, wakafunga biashara ya baharini mwaka 1656 ili kumbana Zheng Chenggong, mfuasi wa Ming aliyekuwa akiwapinga baharini, na meli zake. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyokuwa imezuiliwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki, tangu 1641, ikageukia Arita. Mwaka 1650 ilichukua vipande 145 tu, vya kwenda Tonkin, Vietnam ya kaskazini. Mwaka 1659 ikaagiza zaidi ya 56,000.

Sehemu kubwa ya oda hiyo ya 1659 haikwenda Ulaya kama wengi wanavyodhani. Ilikwenda Mokha, Yemen, ambako biashara ya kahawa ilihitaji vikombe vidogo kwa maelfu. Ni bandari ileile iliyokuwa ikipokea majahazi ya pepo za msimu kutoka pande zote za Bahari ya Hindi. Mji wa wafinyanzi uliojengwa kwa mikono ya watu wa Jeolla na Gyeongsang ulikuwa unawahudumia wanywaji kahawa wa Bahari ya Shamu, miaka sitini tu baada ya vita.

Neema hiyo ilikuwa na kikomo. Qing ilifungua tena bahari mwaka 1684, Jingdezhen ikarudi na bei za chini, na ikaanza hata kuiga mtindo wa Imari. Ujerumani nako siri ya kauri ilipatikana na kiwanda kikafunguliwa Meissen mwaka 1710, nacho kikaanza kunakili vyombo vya Arita. Kampuni ya Kiholanzi ilifunga vitabu vya ununuzi wake rasmi mwaka 1757.

Swali lako la pili ndilo zito. Korea ilijaribu kuwarudisha watu wake. Mtawa Yujeong alivuka mwaka 1604 na kurudi na kundi la mateka. Baada ya uhusiano kurejeshwa, ujumbe wa 1607 ulirudi na watu zaidi ya 1,200, ule wa 1617 ukapata 321, na wa 1624 ukapata 146. Hesabu yenyewe inaonyesha mlango ulivyokuwa ukifungwa. Sababu ni kadhaa, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni mabwana wenyewe. Mjumbe aliruhusiwa kupita barabara aliyoandaliwa, na mfinyanzi wa Arita au Satsuma alikuwa mbali na barabara hiyo, nyuma ya vizuizi vya ulinzi. Mtu aliyekuwa anamwingizia bwana fedha hakutangaziwa kwamba meli imekuja. Ya pili ni miaka: aliyetekwa ana miaka sita mwaka 1597 alikuwa na zaidi ya thelathini mwaka 1624, lugha imemtoka, ana mke na watoto. Ya tatu haipendwi kusemwa Korea, lakini kumbukumbu za Kikorea zenyewe zimeiandika: waliorudi walishukiwa, na wapo walioshushwa Busan wakaachwa bila chakula, au kunyakuliwa na manahodha waliowasafirisha na kufanywa watumwa upya. Habari hizo zilivuka bahari. Mfinyanzi katika Korea ya nasaba ya Joseon alikuwa mtu wa daraja la chini, aliyerithishwa kazi na kuitwa kuitumikia serikali kwenye matanuri ya kifalme ya Gwangju. Huko Arita mfinyanzi hakuwa huru, lakini alikuwa anahitajika. Sisemi kwamba alichagua kwa furaha. Nasema alichaguliwa kwa nguvu kwanza, kisha pande zote mbili zikampunguzia sababu za kurudi.

Satsuma ilikwenda mbali zaidi. Wakorea wa kijiji cha Naeshirogawa walikatazwa kuchukua majina ya Kijapani, wakatakiwa kuvaa na kutengeneza nywele Kikorea, na walitumika pia kuwa wakalimani wakati meli za Korea zilipovunjika pwani. Bwana wa Satsuma aliwapa hadhi fulani na ulinzi, mradi wabaki wageni wa kuonyeshwa. Ukoo wa Shim, ambao wakuu wake wa sasa hubeba jina la Chin Jukan, upo huko hadi leo, kizazi cha kumi na tano. Zama za Meiji, zilizoanza 1868 na kuondoa utawala wa mabwana, zilipofuta mpango huo, ulinzi ukaondoka na dharau ikabaki. Tōgō Shigenori, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Japani mwaka 1941 na tena 1945, alizaliwa kijijini hapo mwaka 1882 katika familia ya jina la Park. Baba yake alilibadilisha mtoto akiwa mdogo.

Korea yenyewe ilipoteza zaidi ya watu. Vyombo vya buncheong, vya udongo wa kijivu uliopakwa tope jeupe, vilitoweka baada ya vita, na kobalti ilipokosekana wachoraji wa matanuri ya kifalme wakatumia rangi ya chuma, ya kahawia, kwa sehemu kubwa ya karne ya 17. Uvamizi wa Wamanchu wa 1627 na 1636 ukakuta nchi haijapona. Biashara yake ya nje ikabaki katika njia mbili nyembamba: misafara ya Beijing, na kituo cha Wajapani wa kisiwa cha Tsushima pale Busan kilichorudishwa kwa mkataba wa 1609. Matanuri ya serikali yaliyotumikia jumba la mfalme hayakuwa na sababu wala ruhusa ya kuwafuata Waholanzi.

Ukitaka kujihakikishia mwenyewe, achana kwanza na vibao vya watalii. Nenda kwenye mkusanyo wowote wenye kauri ya Arita na omba kuona chini ya sahani. Imari ni bandari tu ambako mzigo ulipakiwa, kwa hiyo lebo yenye jina hilo pekee haikuambii umri wala tanuri. Angalia upana wa kitako, mchanga ulioganda, uzito, na alama za vidole. Theluthi moja, mchanga, uzito na vidole vikikutana, chombo hicho ni cha miaka ambayo waliotekwa Korea walikuwa bado hai na wanafanya kazi. Kwa anayefika Arita, machimbo ya Izumiyama yapo wazi kutazamwa, ingawa jiwe la viwanda vya mji huo sasa hutoka zaidi Amakusa. Na hekalu la Tōzan linamheshimu Yi Sam-pyeong pamoja na Nabeshima Naoshige, bwana aliyemiliki ardhi na watu.